Hukumu za Arusha Zisomwe Madarasani: Barua ya Wazi kwa Bunge la Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, na kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Tarehe 7 Aprili ya kila mwaka nchi ya Rwanda huingia katika kipindi cha Kwibuka, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kukumbuka, ambacho huchukua siku 100, kwa kuwa takriban muda huohuo ulitosha mwaka 1994 kuwaangamiza Watutsi wengi waliokuwa wakiishi nchini humo, pamoja na Wahutu waliopinga siasa ya mauaji au waliokataa kuwatoa majirani zao. Serikali ya Rwanda inataja idadi ya waliouawa kuwa ni zaidi ya watu milioni 1, na makadirio mengine yanayotumiwa mara nyingi ni watu 800,000. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya tafakuri, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki mishumaa huwashwa, hotuba hutolewa, na manusura hujikaza kueleza hadharani mambo ambayo hakuna binadamu aliyepaswa kuyaona. Heshima hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, barua hii inaletwa mbele ya Bunge kwa sababu ya upungufu mmoja mkubwa: kumbukumbu hizo hueleza kwa kirefu jinsi watu walivyouawa, lakini hugusa juu juu tu jinsi wauaji walivyoandaliwa, kwa miaka mingi, kwa kalamu, kwa chaki na kwa kipaza sauti, ilhali maelezo ya maandalizi hayo, yaliyopimwa na majaji wa mahakama ya kimataifa na kuthibitishwa kwa ushahidi wa kiapo, yamehifadhiwa Arusha, katika mji uleule yaliko makao ya Bunge, kwa Kiingereza na Kifaransa, lugha mbili ambazo mamilioni ya wananchi wa Jumuiya hawazisomi.

Mauaji ya kimbari si jina jingine tu la mauaji ya watu wengi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa tarehe 9 Desemba 1948, kosa hilo hutimia pale vitendo kama kuua, kudhuru vibaya mwili au akili, kuwawekea watu mazingira ya maisha yanayokusudiwa kuwamaliza, kuwazuia wasizae, au kuwahamisha watoto wao kwa nguvu, vinapotendwa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Nia hiyo ndiyo inayolitenga kosa hili na makosa mengine yote ya umwagaji damu. Kwa kuwa nia ya namna hiyo haiwezi kuwaingia maelfu ya watu bila kupandwa na kumwagiliwa, kifungu cha 3 cha Mkataba huohuo kinaadhibu pia uchochezi wa moja kwa moja unaofanywa hadharani, yaani kauli inayowasukuma wasikilizaji kutenda kosa lenyewe, hata kabla panga la kwanza halijainuliwa.

Wapo wanaoona kwamba jambo hili ni la Wanyarwanda wenyewe, na kwamba majirani wanapoadhimisha siku hiyo huwa wamekwenda kuhani msiba wa nyumba nyingine. Historia haikubaliani nao. Mkataba wa amani uliokusudiwa kumaliza vita kati ya serikali ya Rwanda na chama cha RPF, kilichoanzishwa Uganda na wakimbizi wa Kinyarwanda, ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Ndege iliyotunguliwa karibu na Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ikiwa na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa inatoka Dar es Salaam kwenye kikao cha viongozi wa ukanda huu. Mwishoni mwa mwezi huohuo takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa siku moja hivi, raia waliokimbia vita wakiwa wamechanganyika na watu waliokuwa wametoka kuua, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kuliko miji yote ya jirani.

Chini ya daraja hilo ulipita ushahidi mzito kuliko wote. Mto Nyabarongo, unaozunguka katikati ya Rwanda, ni mmoja wa mito inayoulisha mto Kagera, na Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Tarehe 22 Novemba 1992, katika mkutano wa hadhara uliofanyika Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wa chama tawala kwamba Watutsi watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mkato, yaani kwa kupitia Nyabarongo. Miezi 17 baadaye mto huo ulibeba maiti. Wavuvi wa upande wa Uganda, katika mialo ya Kasensero, Lambu na Ggolo, waliopoa miili ya wanaume, wanawake na watoto, mingine ikiwa imefungwa kamba, na miili zaidi ya 10,000 ikazikwa katika makaburi ya pamoja ambayo yapo hadi leo, huku watu wengi kandokando ya ziwa wakiacha kula samaki kwa muda. Mugesera alikimbilia Kanada, akarudishwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha. Mtu anayeiona hotuba ya Kabaya kuwa ni maneno ya jukwaani tu anapaswa kwanza kusimama kwenye makaburi ya Ggolo.

Swali ambalo ukumbusho wa kila mwaka hauliulizi vya kutosha ni hili: wasikilizaji wa Kabaya walijuaje kwamba Watutsi ni watu wa Ethiopia, ilhali Watutsi na Wahutu walisema lugha moja, walikuwa na mila moja, waliishi milima ileile na walioana? Jibu liko shuleni. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyekaa katika ufalme wa Karagwe kwa Mukama Rumanyika bila kukanyaga Rwanda, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walitokana na wafugaji waliotoka Ethiopia, dhana iliyokuja kujulikana kama nadharia ya Wahamiti, ambayo kiini chake ni kuwa Waafrika weusi hawangeweza kujijengea dola bila kuletewa akili kutoka nje. Wamisionari na watawala wa kikoloni waliipokea dhana hiyo kama sayansi, wakaifundisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wabelgiji wakaigandisha katika karatasi kwa kumpa kila mtu mzima kitambulisho kinachomtaja kuwa ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Waliofaidika kwanza walikuwa Watutsi wachache wa tabaka la juu; baada ya mapinduzi ya 1959 na uhuru wa 1962 dhana ileile iligeuzwa kuwa silaha dhidi ya Watutsi wote, kwamba ni wageni, na mgeni hufukuzwa. Kitambulisho hakikufutwa. Walimu waliwasimamisha wanafunzi darasani kwa makabila yao ili wahesabiwe, na tangu miaka ya 1970 ukawapo utaratibu ulioitwa iringaniza, yaani mgawo wa nafasi za masomo na kazi kwa uwiano wa kabila na mkoa, ambao uliwafungia vijana wengi wa Kitutsi mlango wa sekondari. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi ileile ndiyo iliyoamua nani apite na nani auawe.

Kwa hiyo si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara kwa mara katika hotuba za Aprili, kwamba chuki ni zao la ujinga na kwamba dawa yake ni elimu tu. Rwanda ya 1994 haikukosa wasomi, na wasomi hao hawakuwa pembeni. Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu wanaombwa kuutafakari ukweli ufuatao, ambao unapaswa kumnyima usingizi kila anayeandaa mtaala: mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa alikuwa mwalimu wa zamani, tena aliyepanda hadi kuwa mkaguzi wa shule.

Mtu huyo ni Jean-Paul Akayesu, na hukumu yake ilisomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998 na Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994. Akayesu alikuwa burugumesta, yaani mkuu wa utawala, wa Taba katika mkoa wa Gitarama, na jambo linaloifanya hukumu yake kuwa somo lisilo na mfano ni kwamba hakuanza kama muuaji. Majaji waliridhika kwamba tangu tarehe 7 hadi tarehe 18 Aprili alijaribu kuwalinda watu wake, na kwa siku hizo Taba ilikuwa na utulivu wakati sehemu nyingine za nchi zinaungua. Tarehe 18 Aprili aliitwa pamoja na maburugumesta wenzake kwenye mkutano na viongozi wa serikali ya mpito. Alfajiri ya tarehe 19, mahali paitwapo Gishyeshye, mbele ya umati uliouzunguka mwili wa kijana wa Interahamwe, yaani wanamgambo wa chama tawala, aliwataka wananchi waungane kummaliza adui mmoja, na kila aliyekuwepo alielewa kuwa adui huyo ni Mtutsi. Mauaji yakaenea Taba. Mahakama ilithibitisha pia kwamba walimu watano waliuawa kwa agizo lake, wakilengwa kwa kuwa ni wasomi. Mkaguzi wa zamani wa shule aliamuru walimu wauawe.

Wanawake waliokimbilia ofisi ya utawala ya Taba wakitafuta hifadhi walibakwa hapohapo uwanjani na majengoni, naye akijua na akiwatia moyo watendaji. Shitaka hilo halikuwemo katika hati ya mwanzo. Liliongezwa mwezi Juni 1997, baada ya mashahidi wanawake kuyataja mbele ya majaji mambo ambayo wapelelezi hawakuwa wameyauliza. Kutokana na ujasiri wa wanawake hao, waliofichwa majina yao na kutambulishwa kwa herufi tu, sheria ya dunia nzima ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ni fedheha kwamba mjukuu wa mkulima wa Bukoba, wa Goma au wa Gitega hawezi kuisoma habari hii katika lugha anayoielewa vizuri, wakati ushahidi huo ulitolewa Arusha.

Hukumu ya pili inayostahili kuingia madarasani ni ile iliyozoeleka kuitwa kesi ya vyombo vya habari, iliyotolewa tarehe 3 Desemba 2003 chini ya Jaji Navanethem Pillay. Washtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana, mhadhiri wa historia wa chuo kikuu; Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria; na Hassan Ngeze, mmiliki na mhariri wa gazeti la Kangura. Gazeti hilo lilichapisha mwezi Desemba 1990 orodha ya zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu, zilizowakataza Wahutu kuoa, kuajiri au kushirikiana kibiashara na Watutsi, na zilizotaka shule zijazwe Wahutu. Nahimana na Barayagwiza walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwezi Julai 1993 kwa muziki mtamu, mizaha na salamu za wasikilizaji, mpaka vijana wakaipenda. Ndani ya ucheshi huo ndimo lilimorudiwarudiwa neno inyenzi, yaani mende, ambalo hapo awali lilitumika kwa wapiganaji wa Kitutsi walioshambulia kutoka uhamishoni miaka ya 1960, na sasa likapanuliwa hadi kumhusu mkulima, mama mjamzito na mtoto wa chekechea. Mauaji yalipoanza, redio ileile ilitaja watu kwa majina, mahali walipojificha na namba za magari yao.

Wanafunzi wakiisoma kesi hii kwa utaratibu watajifunza jambo ambalo mahubiri ya jumla kuhusu upendo hayawezi kuwapa, nalo ni kuzitambua hatua zenyewe: kwanza kundi la raia linaitwa wageni, kisha linalaumiwa kwa kila shida, kisha linavuliwa ubinadamu kwa kuitwa wadudu au nyoka, kisha mauaji yanatajwa kwa lugha ya kujitetea au ya kazi ya kawaida, ili muuaji aende kwenye kizuizi asubuhi kama anayekwenda shambani. Kijana anayezijua hatua hizi atazigundua katika ujumbe wa sauti unaosambazwa kwenye simu yake leo, bila kusubiri mtu mzima amfafanulie.

Onyo moja ni la lazima hapa. Katika nchi kadhaa za Jumuiya neno uchochezi limetumika dhidi ya waandishi wa habari, wapinzani na wachora katuni ambao kosa lao lilikuwa kuikosoa serikali, na wapo watakaoogopa, kwa haki kabisa, kwamba somo la chuki litageuzwa kuwa somo la kunyamaza. Hukumu za Arusha zenyewe ndizo kinga dhidi ya hatari hiyo. Tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufaa walitengua sehemu ya hukumu ya kesi ya vyombo vya habari, wakatofautisha kwa makini kauli ya chuki, hata iwe mbaya kiasi gani, na uchochezi wa moja kwa moja wa kutenda mauaji ya kimbari, na wakaamua kwamba, kwa upande wa RTLM, ni matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994 tu ndiyo yaliyofikia kiwango hicho cha uchochezi. Adhabu zikapunguzwa kuwa miaka 30 kwa Nahimana, 32 kwa Barayagwiza na 35 kwa Ngeze. Msomaji anaweza kuikubali tofauti hiyo au kuipinga, lakini hawezi kuisoma kisha akaamini kwamba kumkosoa rais na kuwaita majirani mende ni mambo ya daraja moja.

Pingamizi jingine ni zito zaidi na linauma. Wapo Warundi watakaouliza kwa nini wakumbuke ya 1994 wakati waliopotea mwaka 1972, wengi wao Wahutu wenye elimu na hata wanafunzi waliochukuliwa shuleni, au waliouawa baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, hawajapewa heshima inayolingana. Wakongo wa Kivu wana makaburi yao. Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na redio za lugha za kienyeji zilitajwa katika uchunguzi uliofuata. Maumivu hayo ni ya kweli na hayapaswi kujibiwa kwa kejeli wala kwa takwimu za kushindanisha wafu. Lakini kulifuta au kulikana kosa lililothibitishwa mahakamani hakumrudishii mtu yeyote marehemu wake. Kukana, yaani kudai kwamba mauaji hayakutokea, au kwamba yalikuwa vita vya kawaida ambavyo pande zote zilistahili lawama sawa, ni kuwaongezea manusura jeraha. Njia ya haki ni kuanza na faili ambazo zipo, zilizopimwa kwa ushahidi, ili kizazi kijacho kipate kipimo cha kuzidai na faili nyingine zifunguliwe, za Bujumbura, za Goma na za Eldoret.

Hoja kwamba watoto ni wadogo mno kwa mambo haya inajibiwa na shule ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia madarasani na kuwaamuru wanafunzi wa madarasa mawili ya juu wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakisema wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa kwa kukataa huko. Vijana wa umri huo ndio ambao Jumuiya inasitasita kuwapa kitabu.

Kinachoombwa, basi, ni kidogo kulingana na uzito wa jambo. Mahakama ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015, baada ya watu 93 kushtakiwa, na kumbukumbu zake ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, chini ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoachiwa shughuli zilizosalia. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 137, umekitaja Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano ya watu wake wote. Rwanda yenyewe ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Na Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Hukumu ya Akayesu peke yake ni ndefu, wala haihitaji kutafsiriwa yote. Panatakiwa kitabu kimoja cha kiada cha sekondari, kilichoandaliwa na wanahistoria, wanasheria na walimu wa nchi zote wanachama, chenye dondoo za hukumu hizo mbili kwa Kiswahili sanifu, maelezo ya nadharia ya Wahamiti, historia ya kitambulisho, na maswali yanayomlazimu mwanafunzi kutazama redio, magazeti na simu za nchi yake mwenyewe kwa kipimo hichohicho. Panatakiwa pia mafunzo kwa walimu watakaokifundisha, kwa kuwa darasani watakuwemo watoto wa manusura na watoto wa waliofungwa, wakati mwingine katika dawati moja, na mwalimu asiyeandaliwa anaweza kuumiza pande zote mbili kwa sentensi moja. Majina ya mashahidi waliolindwa yabaki yamefichwa.

Wanafunzi wa Kagera wapelekwe Rusumo, wa Masaka wapelekwe Lambu, na wa Arusha wapelekwe Lakilaki, wafunguliwe majalada na kuonyeshwa namna shahidi anavyoulizwa na kuhojiwa na upande wa pili. Gharama ya safari hizo ni ndogo kuliko ya makongamano ya siku mbili ambayo mahudhurio yake ni ya viongozi watupu.

Bunge linaombwa, kabla ya tarehe 7 Aprili ijayo, kupitisha azimio linaloielekeza Kamisheni ya Kiswahili kuianza kazi hiyo na kuitengea fedha katika bajeti ya Jumuiya, na Mawaziri wa Elimu wanaombwa kuteua wataalamu wa mitaala watakaoshirikiana nayo. Tafsiri ianze na kurasa zinazoeleza yaliyotokea Taba tarehe 18 na 19 Aprili 1994. Majibu ya barua hii yanasubiriwa hadharani, kama ilivyoandikwa hadharani.

Kwa heshima na taadhima.

Nakala: Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar.